Kuuza Bila Kuachia

Kuna ghadhabu ambazo watu wazima huziona ndogo. Kijana akilalamika kwamba mchezo wa video alioununua umekuja bila sehemu fulani, au kwamba mwenzake mwenye mashine ya kampuni nyingine amepewa hadithi na wahusika ambao yeye hatawapata, huambiwa aache upuuzi akasome. Katika miji ya Beni na Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jibu hilo huwa na uzito zaidi kuliko kwingine. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni na vijiji vyake wameendelea kuzika ndugu zao waliouawa kwa mapanga na risasi. Ebola iliyotangazwa Mangina mwezi Agosti 2018 iliua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kwamba imekwisha, Juni 2020. Tangu Mei 2021 mkoa umewekwa chini ya utawala wa kijeshi. Katikati ya hayo yote, nani ana nafasi ya kusikitikia mchezo?

Hata hivyo ghadhabu hii inastahili kusikilizwa kwa utulivu. Mtoto huijua haki katika mambo madogo kabla ya kuidai katika makubwa, na mara nyingi huijua kwanza katika mchezo: zamu ni zamu, bao ni bao, kilichokubaliwa mwanzoni hakibadilishwi katikati. Anapoona makampuni makubwa yakiichezea kanuni hiyo, kinachomuuma si jezi ya rangi nyingine aliyoikosa. Anauliza, kwa lugha aliyonayo, ni kitu gani hasa humfikia mnunuzi pale fedha zinapomfikia muuzaji. Swali hilo si la kitoto. Katika Butembo, mji uliojengwa na wafanyabiashara, ni swali linaloulizwa kila asubuhi maduka yanapofunguliwa.

Malalamiko haya yana historia. Mwezi Aprili 2006 kampuni ya Marekani ya Bethesda iliwauzia wachezaji wa mchezo wake wa Oblivion deraya ya farasi kwa dola mbili na nusu kwenye mashine ya Xbox 360. Lilikuwa pambo zaidi ya kitu kingine. Wengi waliikejeli, lakini waliinunua, na wauzaji wakajifunza. Ikawa desturi kwamba mchezo hauishi siku unaponunuliwa. Nyuma yake hufuata ramani, wahusika, magari na silaha, kila kimoja na bei yake. Machi 2010 ramani tano za mchezo wa Call of Duty ziliuzwa dola 15, na kwa mkataba maalumu wenye Xbox wakazipata takriban mwezi mmoja kabla ya wenye PlayStation. Mwaka 2015 mkataba huo ukahamia upande wa pili: waliokuwa wakisubiri wakatangulia, na waliokuwa wakitangulia wakaanza kusubiri. Hakuna aliyepata haki. Waliodhulumiwa walibadilishana nafasi tu.

Tukio linalonifikirisha zaidi ni la Machi 2012. Kampuni ya Japani, Capcom, ilikuwa imetoa Street Fighter X Tekken, na wachezaji wakagundua kwamba wahusika 12 waliopangwa kuuzwa baadaye tayari walikuwa ndani ya diski, wamefungwa kwa kufuli la programu. Mnunuzi alikuwa amekibeba kitu hadi nyumbani kwake, kimo mikononi mwake, na bado hakuruhusiwa kukigusa mpaka alipe mara ya pili. Kampuni ilieleza kwamba ilifanya hivyo ili waliolipia wahusika hao na wasiowalipia waweze kupambana bila shida. Huenda maelezo hayo yalikuwa ya kweli kwa upande wa ufundi. Lakini mnunuzi hakuwa akiuliza juu ya ufundi. Alitaka kujua kama alichokinunua ni chake.

Sokoni kwetu, mama anayeuza maharage hujaza kopo mpaka lifurike, kisha huchota konzi moja zaidi na kuitia kwenye mfuko wa mnunuzi. Konzi ile haimo katika bei. Inasema: mambo ya fedha tumeyamaliza, sasa tubaki watu. Ndiyo humrudisha mteja wiki inayofuata, pengine kuliko bei yenyewe. Biashara ya michezo ya video imeipindua desturi hiyo, kwa kuwa mara nyingi konzi ya ziada imechotwa ndani ya kopo kabla kopo halijauzwa. Mchezaji anahisi upungufu huo hata pale asipoweza kuuthibitisha. Anacheza akijiuliza kama ukimya wa sehemu fulani ya hadithi ni uamuzi wa msanii au ni wa mhasibu. Shaka hiyo ikishaingia, hata kazi nzuri hupoteza baraka yake, maana mtu hawezi kufurahia kikamilifu kitu anachoshuku kwamba kimepunguzwa makusudi.

Tuseme bei inaweza kujadiliwa. Mwenye kazi apange bei yake, na mnunuzi anunue au apite. Lakini kipo kitendo kingine ambacho hakielezeki kwa bei. Microsoft iliilipa Take-Two, wachapishaji wa Grand Theft Auto IV, dola milioni 50 ili hadithi mbili za nyongeza za mchezo huo zitoke kwenye mashine yake, Xbox 360. Ya kwanza ilitoka Februari 2009, ya pili Oktoba mwaka huohuo. Mwenye PlayStation 3, aliyeununua mchezo uleule kwa fedha halali, alingoja mpaka Aprili 2010. Hakuwa na kosa lolote isipokuwa alichagua mashine ya mshindani. Fedha nyingi zilitolewa, na sehemu ya kilichonunuliwa ilikuwa kumkosesha mtu mwingine. Kuna kulipa ili upate, na kuna kulipa ili mwenzio akose. Hesabu za kampuni haziwezi kuvitenganisha vitendo hivyo viwili, maana vyote huandikwa kama gharama na vyote huleta wateja. Dhamiri ya mtu huvitenganisha mara moja. Je, furaha inayonoga kwa sababu jirani ameikosa ni furaha ya namna gani? Na mtoto anayezoeshwa kujivunia alichonyimwa mwenzake, atakuwa mtu mzima wa namna gani?

Michezo hii hufika Butembo kwa njia ileile inayoleta vitambaa, pikipiki na simu: kutoka Dubai na Guangzhou, kupitia bandari ya Mombasa, hadi Kampala, hadi mpaka wa Kasindi, kisha barabara ya hofu kupita Beni. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 155 duniani, iliendelea kuishi katika miji yetu miaka mingi baada ya Sony kuacha kuitengeneza. Katika chumba cha kuchezea, televisheni moja na mashine moja hutosha mtaa mzima. Mtoto analipa faranga chache kwa mechi, anayefungwa anamwachia mwenzake maneti, yaani kishikio cha kuchezea, na wanaongoja hutoa ushauri ambao hawakuombwa. Wazazi wana haki ya kulalamika pale chumba hicho kinapowaiba watoto saa za shule. Lakini wakitazama vizuri wataona pia jambo la kuheshimika: kila kilichomo katika mashine ile ni cha yeyote aliyeshika maneti. Hakuna timu ya mwenye fedha na timu ya asiye nazo.

Utaratibu huo unategemea kitu kimoja kilichokuwa cha kawaida, nacho ni kwamba kilichonunuliwa huazimika. Diski ya kaka hutumiwa na mdogo wake, kisha huvuka barabara hadi kwa binamu, kisha huuzwa kwa nusu bei na kuanza maisha mapya kwa mwingine. Nyongeza inayopakuliwa haina safari hiyo. Imefungwa kwenye akaunti, na akaunti imefungwa kwa mtu. Hairithiwi, haiuzwi tena, haimfuati mpwa anayehamia Goma au Bunia. Watu wa Ulaya na Marekani wanapolalamikia bei, sisi tuna hasara nyingine ya kuiongeza kwenye malalamiko yao. Mahali ambapo vitu vichache vimetunzwa na wengi, kitu kisichoazimika kinakatisha mnyororo wa ukarimu. Kijana aliyekinunua hana choyo. Amenyimwa tu njia ya kuwa mkarimu.

Kisha kuna wale ambao hawaulizwi hata bei. Huduma ya mtandao ya PlayStation, ambayo ndiyo duka la nyongeza za mashine hizo, ina orodha ya nchi ambamo mtu anaweza kufungua akaunti, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haimo. Kijana wa Beni anayetaka kununua kwa haki analazimika kusema anaishi kwingine, kisha atafute ndugu wa ng'ambo wa kumnunulia kadi ya zawadi, au muuzaji wa mjini anayeipokea fedha ya simu na kuongeza faida yake juu. Kabla hajalipa dola moja, ameshalazimishwa kudanganya kuhusu kwao. Hata hivyo koltani ya mkoa wetu, ya Masisi na Walikale, ilikuwa na wanunuzi tayari pale bei ya tantali inayotokana nayo ilipopanda ghafla mwishoni mwa 2000, na mashine za michezo zilikuwa miongoni mwa vyombo vinavyotumia madini hayo. Udongo wetu uliwahi kuhesabiwa mapema. Watu wanaoukanyaga wangali wanangoja zamu yao katika orodha.

Mei 2024 kutengwa huko kulijitokeza mbele ya dunia. Helldivers 2, mchezo uliotengenezwa Uswidi na kuchapishwa na Sony, ulikuwa umeuzwa kwa miezi mitatu kwa watumiaji wa kompyuta, hata wa nchi zisizo na huduma hiyo ya mtandao. Ghafla ikatangazwa kwamba kila mchezaji atalazimika kuunganisha akaunti ya PlayStation, na mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177 yasiyo na huduma hiyo. Watu waliokwisha kulipa walijikuta wakitishiwa kufungiwa nje ya kitu chao kwa sababu ya mahali wanapoishi. Ndipo likatokea jambo ambalo sikuliona likizungumzwa vya kutosha. Wachezaji wa Marekani na Ulaya, ambao sharti lile lingewagharimu dakika chache tu za kujaza fomu, waliandika tathmini mbaya za mchezo huo pamoja na waliotishiwa, nazo zikapita 200,000. Baada ya siku chache Sony ililiondoa sharti lile, ingawa katika nchi hizo mchezo uliendelea kutouzwa kwa muda mrefu.

Wengi wao, nadhani, wasingeweza kuionyesha Butembo kwenye ramani. Waliwatetea wachezaji wenzao kwa sababu walikuwa wamepigana bega kwa bega katika vita vya kubuni na hawakukubali mlango ufungwe nyuma yao. Tunaambiwa kila siku kwamba michezo hii inawafanya vijana kuwa wabinafsi. Pengine baadhi inawafanya hivyo. Lakini siku zile mfumo uliotaka kuwatenga wachezaji ulikutana na undugu ambao mchezo wenyewe ulikuwa umeupanda. Watu wazima wenye sauti, wanaotazama mateso ya Beni kwa miaka na kunyamaza, wanaweza kujifunza kitu hapo. Mshikamano hauanzi kwa kumjua mtu. Unaanza kwa kukataa kustarehe ndani wakati aliyelipa kama wewe ameachwa nje.

Siku hizi wauzaji wengi wamehamia kwenye neno tamu la bure. Kampuni ya Konami iliubadilisha mchezo wake wa mpira, Pro Evolution Soccer, kuwa eFootball mwaka 2021 na kuutoa bila malipo. Free Fire, mchezo wa simu, haudai chochote mlangoni. Lakini bure ya mbali huwa na gharama ikifika hapa, kwa sababu mega hununuliwa, na mchezo mmoja mkubwa wa mashine za kisasa unaweza kupita gigabaiti 100. Isitoshe, mlango uliofunguliwa huelekeza dukani, kwenye almasi, sarafu na pakiti za wachezaji ambazo hujui yaliyomo mpaka umelipa. Ultimate Team, sehemu ya pakiti hizo katika mchezo wa mpira wa FIFA, ilianza mwaka 2009 kama nyongeza ya kununuliwa mara moja, kisha ikakua kuwa soko lisilolala. Ubelgiji iliamua Aprili 2018 kwamba kuuza visanduku vya bahati ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 kampuni ya EA, yenye mchezo huo, ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti hizo. Mtoto wa Brussels amepata ngao ya sheria. Mtoto wa Butembo, anayechezea simu ya mama yake yenye salio la mama yake, amebakiwa na mama yake.

Haki inatudai pia tuyatazame mambo kwa upande wa wanaotengeneza. Mchezo mkubwa ni kazi ya mamia ya watu kwa miaka, na watu hao wana kodi za nyumba na watoto wa kulisha. Si kila nyongeza ni unyonyaji. Kampuni ya Poland, CD Projekt, ilitoa The Witcher 3 mwaka 2015 ikaufuatisha na nyongeza ndogo 16 bila malipo. Kisha ikauza hadithi mbili kubwa, na wachezaji wakazilipia wakishukuru, kwa sababu walizikuta zimejaa. Waliotengeneza No Man's Sky, walioanza mwaka 2016 kwa kulaumiwa kwamba waliahidi zaidi ya walichotoa, wameuongeza mchezo huo mwaka baada ya mwaka bila kudai malipo mapya. Kumbe biashara inaweza kuendeshwa na heshima ikabaki.

Nasi je, mikono yetu ni safi? Diski nyingi zilizolea vijana wetu zilikuwa nakala ambazo mwenye kazi hakuambulia kitu. Mafundi wasiojulikana kwa majina wameendelea kuhariri vikosi na jezi za michezo ya zamani ya mpira, na kazi yao huruka kutoka simu hadi simu bila mtu kulipa hata faranga. Mtu anaweza kusema kwamba aliyenyimwa nafasi ya kulipa hawezi kuitwa mwizi. Hoja hiyo ina uzito, lakini haibebi yote, kwa kuwa hata pale nafasi ilipokuwapo wengi wetu tulikuwa tumeshazoea kutolipa. Mazoea ya kuchukua huharibu tabia kama yanavyoiharibu mazoea ya kubana. Muuzaji asiyeachia na mnunuzi asiyelipa wanafanana kuliko wanavyopenda kukiri: kila mmoja ameacha kumwona mtu upande wa pili.

Ndiyo maana napenda kutaja PPSSPP, programu iliyoanzishwa na Mswidi Henrik Rydgård mwaka 2012, inayoiwezesha simu ya kawaida kuendesha michezo ya mashine ndogo ya PSP. Imewafikia vijana wengi wa Afrika ambao hawatamiliki PlayStation kamwe. Ni ya bure, na lipo toleo la kulipia ambalo uwezo wake ni uleule; anayelipa hulipa ili kumuunga mkono fundi. Hapo ni mnunuzi anayechota konzi na kumwongezea muuzaji. Wapo wanaofanya hivyo, bila kufungiwa kitu, bila kutishwa. Hilo linatuambia kwamba mtu aliyeaminiwa huweza kuwa mwaminifu, na kwamba kufuli nyingi tunazowekewa zimejengwa juu ya dhana duni mno kuhusu binadamu.

Butembo inafahamu thamani ya imani katika biashara. Wafanyabiashara wake walichangishana kutengeneza barabara pale serikali iliposhindwa, na askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 mpaka 1997, alisisitiza kwamba maendeleo ni kazi ya wote kwa pamoja. Mzigo wa mkopo umevuka mipaka kwa neno la mtu tu. Leo vijana wa mji huohuo wanajifunza kuandika programu, na siku si nyingi baadhi yao watakuwa na kitu cha kuiuzia dunia: mchezo wenye milima ya Ruwenzori, wenye wahusika wanaozungumza Kinande na Kiswahili. Watakutana na vishawishi vilevile. Watashauriwa kuficha sehemu ya mwisho wauze baadaye, kutia sahihi mkataba unaowafungia nje nusu ya wachezaji, kuacha katika orodha nchi ambazo hazina faida ya kutosha. Wanaijua dhuluma hiyo kwa upande wa anayedhulumiwa, na ujuzi huo ni mtaji ambao shule za biashara haziwezi kuwapa. Wadai bei ya haki kwa jasho lao, na wasione haya kuidai. Kisha, wakishauza, waachie.